Hodi mbili kabla ya barua moja: adabu ya kuwatambulisha watu kwa barua pepe

Barua inaingia Jumanne asubuhi. Imetoka kwa mtu unayemheshimu, na kwenye anwani kuna jina lako pamoja na jina la mtu usiyemjua kabisa. Ndani mna mistari miwili: "Salim, huyu ni Neema. Neema, Salim ndiye niliyekwambia. Nawaacha mzungumze." Kuanzia hapo deni ni lako. Ukinyamaza, umemvunjia Neema heshima mbele ya aliyewakutanisha. Ukijibu, umejiingiza kwenye mazungumzo ambayo hukuyaomba. Aliyetuma ametumia dakika moja, na sasa hivi anakunywa chai.

Anayefanya hivi kwa kawaida si mtu mbaya. Anafuata mantiki ya utambulisho anaoujua. Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ile ambayo Mtanzania huifuata kwa mwenyekiti au mtendaji akitaka kufungua akaunti ya benki. Inasema mwenye barua anafahamika, ni mkazi wa hapa, na ina muhuri. Benki haiulizwi kama ipo tayari kupelekewa mtu, kwa sababu dirisha lake lipo kwa ajili ya kupokea watu. Tatizo linaanza pale mantiki hiyo inapohamishiwa kwa mtu binafsi. Salim si dirisha. Mfano wake wa karibu zaidi ni nyumba yenye binti wa kuposwa: mshenga hauleti ukoo mzima mlangoni kabla hajakwenda mwenyewe, kimya kimya, kuuliza kama posa itasikilizwa. Jibu likiwa hapana, hakuna aliyeaibika, maana hakuna aliyejua.

Kwa hiyo utambulisho mzuri wa barua pepe huwa na hodi mbili kabla ya barua yenyewe. Ya kwanza kwa anayeomba, ya pili kwa anayeombwa. Watu wengi huikumbuka hiyo ya pili na kuisahau ya kwanza. Neema amesema, "Niunganishe na mtu yeyote wa Muscat anayeagiza chakula." Wewe unamjua Salim, lakini hujui kama Neema aliwahi kumtumia sampuli wakakosana bei. Mtajie jina kwanza: "Nafikiria kumuuliza Salim, sawa?" Swali la maneno manne linaweza kuokoa aibu ya miezi.

Barua anayoiandika mwombaji

Kazi kubwa ya utambulisho ni ya anayeomba. Asimwachie mkutanishi kazi ya kumtungia sifa na kueleza shida yake. Aandike barua fupi, inayojitosheleza, ambayo mkutanishi anaweza kuisambaza jinsi ilivyo bila kuongeza zaidi ya mistari miwili. Maneno 70 hadi 120 yanatosha. Tuseme Neema anakausha maembe Morogoro, Salim ni mwagizaji wa chakula Muscat, Oman, na Bi. Rukia anawafahamu wote wawili. Neema ataandika hivi:

"Shikamoo Bi. Rukia. Kama utaona inafaa, naomba uniulizie kwa Bw. Salim iwapo anaweza kunipa dakika 20 za simu. Nakausha maembe hapa Morogoro, kama kilo 300 kwa mwezi wakati wa msimu, na bidhaa ina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Nataka kujua mambo mawili: wateja wa Muscat wanapendelea pakiti za gramu ngapi, na lebo ya Kiarabu kwa kawaida hubandikwa na mzalishaji au na mwagizaji. Simwombi anunue, na sitafuti mtaji. Kama hana nafasi, nitaelewa. Neema."

Tazama kinachofanya kazi hapa. Dakika 20, si "nafasi ya kuzungumza". Maswali mawili ambayo mtu wa biashara ile anaweza kuyajibu akiwa kwenye foleni ya magari. Halafu ile sentensi ya "simwombi anunue", ambayo pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu mtu anayeombwa hujilinda dhidi ya ombi analolihofia hata kama halijaandikwa. Asipoambiwa mipaka, atajiwekea mbaya zaidi. Barua inayosema "ningependa kujifunza kutoka kwako" humfanya msomaji ajiulize: kujifunza nini, kwa muda gani, na baada ya hapo utataka nini?

Neema aiandike kama barua mpya, yenye mada yake. Asiiweke kama jibu chini ya mazungumzo ya zamani kati yake na Bi. Rukia. Ukibonyeza "Sambaza", mkia wote wa mazungumzo unakwenda pamoja na barua: bei mliyojadili mwezi uliopita, malalamiko kuhusu mteja fulani, pole ya msiba, namba ya akaunti. Hii ndiyo ajali inayotokea mara nyingi kuliko nyingine, na hutokea kwa sababu programu nyingi hukunja sehemu ya chini ikawa nukta tatu tu, mtumaji asiione. Bi. Rukia azifungue hizo nukta tatu na kufuta kila kisichohusika kabla ya kutuma.

Hodi kwa anayeombwa

Bi. Rukia anamwandikia Salim peke yake. Neema hayumo kwenye Cc (nakala ya wazi), na kwa vyovyote hayumo kwenye Bcc (nakala ya siri, ambayo wengine hawaioni). Salim lazima aweze kukataa bila kuonwa na anayekataliwa. Akiwa kwenye Bcc mambo ni mabaya zaidi: Neema anasoma kitu ambacho Salim anadhani ni siri, na siku akibonyeza "Jibu wote" bila kufikiri, Salim anagundua kwamba kulikuwa na mtu nyuma ya pazia.

Maneno yenyewe ni machache: "Salim, habari za Muscat? Soma hii hapa chini ukipata nafasi. Neema namfahamu miaka minne, alikuwa ananiletea maembe dukani na hakuwahi kuchelewa. Ukiona inafaa niwaunganishe, niambie. Ukiona si wakati wake, andika tu 'siyo sasa', nami nitalimaliza upande wangu."

Hilo "siyo sasa" ni zawadi. Kwetu kukataa ombi la mtu tunayemheshimu ni kugumu, ndiyo maana tunasema "nitaangalia", "tuombe Mungu", "nikitulia nitakutafuta", na mwenzetu anangoja. Ukimpa mtu maneno mawili ya kukatalia, yaliyokwisha kuandikwa, umempunguzia mzigo huo, na mara nyingi atakubali kwa sababu hakubanwa.

Kama kimya, subiri wiki moja, kumbusha mara moja kwa mstari mmoja, kisha hesabu kimya hicho kuwa jibu. Kwa Neema useme, "Sijapata jibu, na nisingependa kumsukuma. Tufikirie mtu mwingine." Usimpelekee sababu ulizozihisi, na kama Salim alikupa sababu, ibaki kwako.

Utambulishe nani, usimtambulishe nani

Mwaka 1777 Benjamin Franklin alikuwa Paris akiiwakilisha Marekani iliyokuwa vitani na Uingereza, na alisumbuliwa mno na watu waliotaka awaandikie barua za kuwatambulisha Marekani. Wengi hakuwajua. Akatunga barua ya mfano, kwa utani wenye ncha, ya kumtambulisha mtu usiyemfahamu. Ilisema, kwa ufupi, kwamba mwenye barua hii amenisukuma nimwandikie ingawa simjui hata jina. Kuhusu tabia na sifa zake, mwulizeni mwenyewe, maana hakika anazijua kuliko mimi. Ila mpeni ukarimu ambao kila mgeni asiye na baya anastahili.

Nyuma ya utani huo kuna kanuni ya kazi. Ukimtambulisha mtu, unatumia jina lako kama muhuri. Basi andika unachokijua na uonyeshe mipaka yake. "Nilikutana naye mara moja kwenye semina, sijafanya naye kazi, lakini swali lake linakuhusu" ni utambulisho halali kabisa, na Salim ataupima anavyostahili. Kinachoharibu ni kumsifia mtu wa mara moja kana kwamba mmekua pamoja.

Na sifa zenyewe ziwe za kupimika. "Mchapakazi, mwaminifu na mwenye maono" haimwambii Salim chochote, kila mtu huandikiwa hivyo. "Miaka minne hakuwahi kuchelewa kuleta mzigo" kunamwambia. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Paulo anavyomkabidhi Fibi kwa Warumi mwanzoni mwa sura ya 16. Katika mistari miwili anasema yeye ni nani na anahudumu wapi, anaomba apokewe na kusaidiwa, kisha anatoa sababu: amewasaidia wengi, na mimi mmojawapo. Barua nyingi za ofisini leo ni ndefu mara kumi na hazina hayo matatu.

Barua ya watatu

Salim amekubali. Sasa ndipo inapoandikwa barua ya kuwakutanisha, na ikifika hapa ni nyepesi.

Wote wawili wakae kwenye mstari wa "Kwa". Kumweka mmoja kwenye "Kwa" na mwingine kwenye Cc kunamwambia wa pili kwamba yeye anapewa taarifa tu, hahitaji kufanya kitu. Herufi hizo ("carbon copy") zimetoka enzi ya karatasi ya kaboni, na maana yake haijabadilika: nakala kwa ajili ya kujua. Anwani zijazwe mwisho, baada ya barua kusomwa tena, kwa sababu programu hukukamilishia jina ukiandika herufi tatu, na katika simu ya Mswahili wa kawaida Salim hawapungui wanne. Gmail inaruhusu kutengua barua iliyotumwa ndani ya sekunde 5, na kwenye mipangilio unaweza kuzifikisha 30. Zifikishe.

Mada iwe na majina na sababu: "Utambulisho: Neema (maembe makavu, Morogoro) na Salim (uagizaji, Muscat)". Mada ya "Habari" au "Muhimu sana" haitaonekana tena miezi mitatu baadaye, Salim atakapoikumbuka pakiti ya maembe na kuanza kutafuta.

Kisha mpangilio wa heshima. Mdogo hutambulishwa kwa mkubwa, na mwenye shida kwa mwenye nafasi. Unaanza kwa kumsemesha Salim, unamtambulisha Neema kwake, halafu unageuka kwa Neema. Hapa lugha huwatega wengi. "Nakutambulisha kwa Neema" ina maana kwamba Salim ndiye anayepelekwa kwa Neema. "Namtambulisha kwako Neema" ndiyo sahihi kwa kisa chetu. Na ile "nakutambulisha kwako" inayoonekana kila siku haina maana yoyote.

Vyeo navyo vilingane. Kuna tabia iliyoota mizizi ya kuandika "Mhandisi Salim, namtambulisha kwako dada yetu Neema", hata kama Neema ana shahada ya uzamili ya teknolojia ya chakula. Mwanamume anapewa taaluma, mwanamke anapewa undugu. Ama wote waitwe kwa vyeo, ama wote kwa majina. Kama hujui cheo cha mtu, tazama sahihi iliyo chini ya barua zake, au mwulize. "Mama" na "Dada" ni maneno mazuri uso kwa uso. Mbele ya mgeni anayepima kama huyu mtu anajua kazi yake, yanapunguza.

Mwili wa barua uwe hivi: "Bw. Salim, kama tulivyoongea, namtambulisha kwako Bi. Neema, mkaushaji wa maembe Morogoro, ambaye nimefanya naye biashara miaka minne. Bi. Neema, Bw. Salim huingiza vyakula vikavu Muscat na amekubali kukupa dakika 20. Bw. Salim, Bi. Neema atakuandikia kesho kupendekeza muda. Mimi naishia hapa." Maneno "kama tulivyoongea" na "amekubali" yanawaambia wote kwamba hodi zimepigwa. Na sentensi ya nani anaandika kwanza isikosekane. Ikikosekana, kila mmoja anamngoja mwenzake kwa adabu, na wiki mbili zinapita hivyo.

Lugha iwe inayosomwa na wote watatu. Kama mmoja hajui Kiswahili, andika Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usimtanie mwenzako kwa Kiswahili katikati, maana yule wa tatu atajua kuna jambo hakuambiwa.

Saa ishirini na nne za kwanza

Mwombaji ndiye anayejibu kwanza, ndani ya siku moja. Akichelewa siku nne, Salim ameshaona kwamba ombi lile halikuwa na haraka, na Bi. Rukia ameonekana amesumbua watu bure.

Abonyeze "Jibu wote". Akibonyeza "Jibu" peke yake, barua inarudi kwa aliyeituma, yaani Bi. Rukia, na Salim hapati kitu. Hili hutokea sana kwenye simu, ambako kitufe kinachoonekana haraka mara nyingi ni kile cha "Jibu". Bi. Rukia akipokea jibu ambalo lilimlenga Salim, alirudishe kwa Neema mara moja kwa maneno mawili. Asilisambaze kimya kimya, la sivyo mazungumzo yote yatapitia kwake.

Katika jibu hilo hilo Neema anamwondoa mkutanishi kwa staha. Anaitoa anwani ya Bi. Rukia kwenye "Kwa", anaiweka kwenye Bcc, na anasema hivyo: "Asante sana Bi. Rukia, nakuhamishia Bcc tusikujazie kikasha." Bi. Rukia anaipata barua hiyo moja, anajua wamekutana, na majibu yanayofuata hayamfikii, kwa kuwa anwani ya Bcc haionekani kwa wengine na "Jibu wote" haiwezi kuichukua. Tangazo ni la lazima. Bila hilo Salim anaona jina limetoweka na kujiuliza limeondolewa kwa sababu gani. Hata hivyo mpango huu una tundu moja: Salim akijibu kutoka kwenye barua ya mwanzo ya Bi. Rukia badala ya ile ya Neema, Bi. Rukia anarudi tena, kwani kila barua hubeba orodha yake ya anwani. Si kosa la mtu. Anayejibu baada ya hapo amtoe tena.

Muda wa simu ndio mahali Waswahili wanapopotezana zaidi. Neema akiandika "saa 4", Morogoro ni 10:00, lakini aliyeishi ng'ambo miaka mingi anaweza kusoma 16:00. Aandike yote: "Jumatatu tarehe 8 Juni, saa 4 asubuhi ya Morogoro (10:00), ambayo kwa Muscat ni 11:00." Oman iko saa moja mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko saa moja nyuma ya Dar es Salaam. London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu wakati wao wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu "6/8" kwa aliyeko Marekani ni tarehe 8 ya mwezi wa sita, na kwa aliyeko Mombasa ni tarehe 6 ya mwezi wa nane.

Tena uangalie wikendi. Tangu 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Barua ya Neema ya Alhamisi jioni huenda ikasubiri hadi Jumapili, siku ambayo yeye mwenyewe yuko kanisani au amepumzika. Kimya cha siku tatu hapo si dharau.

Kwenye WhatsApp

Wengi watafanya haya yote kwa WhatsApp, na hodi zinabaki zile zile. Kinachobadilika ni kwamba namba ya simu ni ya ndani zaidi kuliko anwani ya kazini. Kuunda kundi la watatu kunazifichua namba za wote papo hapo, na kutuma namba ya Salim kwa Neema bila kumuuliza ni kumpa mgeni ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi za mwaka 2019, Tanzania ina ya 2022. Ofisi inayogawa namba za wateja au wafanyakazi hovyo inajitafutia matatizo ya kisheria, achilia mbali adabu. Kama Salim anapenda simu kuliko imeili, atoe namba mwenyewe katika jibu lake.

Deni la mwisho

Baada ya simu ile ya dakika 20, Neema anamwandikia Salim siku hiyo hiyo kumshukuru, akitaja jambo moja mahususi alilolipata. Na wiki chache baadaye anamwandikia Bi. Rukia mistari mitatu: tulizungumza, alinishauri pakiti ndogo, nimemtumia sampuli. Hii ndiyo barua inayosahauliwa na karibu kila mtu. Bila hiyo Bi. Rukia atakutana na Salim kwenye harusi, aulizwe "Yule binti wa maembe vipi?", na abaki anatabasamu tu.